Sikio la Kulia la Mume Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu alikuwa akimnusa samaki hata kama amemwona kwa macho yake akitolewa wavuni, nami pua ile nimeirithi. Kwa hiyo nilipoolewa Mwera, nikitoka kwetu Tongoni, sikupotezwa na udi wala nderemo. Nilitazama nani anamtazama nani, nani ananyamaza nikiingia, na kwa nini kila Alhamisi jioni mama mkwe wangu alijifungia chumbani mwake mpaka mume wangu arudi kazini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati ukitoka Pangani kwenda popote unapita katikati ya mkonge. Mume wangu alifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayopondaponda majani ya mkonge na kuacha singa, nyuzi zake, tupu. Kazi yake ilikuwa kulisha majani, na pale aliposimama mashine ilikuwa mkono wake wa kushoto. Aliianza kazi ile kabla hajaota ndevu sawasawa, miaka mingi kabla ya kunijua. Nilimpelekea chakula mara moja tu. Ngurumo ya korona niliisikia kwenye meno, na watu wa mle walikuwa wakisemezana kwa mikono na midomo kama mabubu. Nilimpa sufuria yake nikakimbia.

Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama yake, mjane mwenye sauti nzito ya kiume. Akipiga hodi kwa watu, wanawake wa ndani walijitanda nguo wakidhani ni mzee fulani. Sauti yangu mimi ni nyembamba. Kwetu nilikuwa nikitangulizwa kwenye nyimbo za harusi kwa sababu sauti yangu ilipanda pale wenzangu waliposhindwa. Nalisema hili mapema kwa sababu ugomvi wote wa nyumba ile ulikaa juu ya sauti hizi mbili, na hakuna kati yetu aliyelijua.

Jambo lenyewe lilianza na chakula. Nilisimama mlangoni nikasema, "Bwana, chakula tayari." Mume wangu alikuwa amenipa mgongo, anashona ukili wa mkeka. Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka. Mama mkwe wangu, yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, hata kichwa hakuinua, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, chakula." Akainuka palepale.

Mara ya kwanza nilisema kachoka. Mara ya pili nikasema ana mawazo. Lakini ilipokuwa desturi, damu ilinichemka. Mtu mwenye masikio ya kumsikia mama yake uani, masikio ya kusikia wanaume wenzake wakizungumza barazani, anakosaje kunisikia mimi niliye nyuma yake? Nikikaa mbele yake, uso kwa uso, tulizungumza vizuri na alicheka panapochekesha. Akinipa kisogo tu, mimi si kitu. Nikajiambia, huyu bwana ananisikia vizuri kabisa, ila hanitaki.

Nikaanza kumtega. Nilimwita polepole, nikamwita kwa nguvu. Nilimsema vibaya nyuma ya mgongo wake nione kama mabega yatashtuka. Siku moja alitoka mlangoni akamkanyaga kifaranga aliyekuwa analia pale kizingitini kwa sauti ya kumtoboa mtu sikio. Alimwokota akamtazama kwa huzuni, akaniuliza, "Kwani hawa siku hizi hawalii?" Nikamtolea macho. Jioni nyingine, jua bado halijazama na nyenje wakishindana kwenye minazi mpaka kichwa kinauma, akasema nyenje mwaka huu wamehama. Nikaona huyu ananifanyia mzaha, tena mzaha wa mtu anayetafuta sababu ya kugombana.

Kisha likaja la mluzi. Tumekaa kimya, alasiri, hakuna hata upepo, akainua kichwa akauliza, "Nani apiga mluzi?" Hapakuwa na mtu. Siku ya pili akauliza tena. Mama yake akasoma dua akatema mate pembeni, maana kwa watu wetu mluzi usioonekana mpigaji si wa kuuliza. Mimi sikuwaza majini. Mimi niliwaza mwanamke. Nilitoka nikazunguka nyumba nzima, nikachungulia mpaka nyuma ya choo cha makuti, nikitafuta mwenye kumpigia mume wangu mluzi mchana kweupe.

Nikashika mimba katika hali hiyo. Nilimwambia uso kwa uso, akafurahi sana. Nami hata furaha ile niliishuku.

Basi asubuhi moja nikatoa godoro na mto nje kuvianika. Nikausogeza mto puani, kama nilivyozoea kunusa kila kitu, nikapata harufu ya halwaridi. Mimi siyatumii mafuta ya waridi. Mimi ni mtu wa asumini na udi, na nguo zake za Ijumaa nilizifukiza mwenyewe. Tena harufu yenyewe ilikuwa upande mmoja tu wa mto, upande ulipolala shavu lake la kulia. Nikakaa chini palepale na mto mapajani. Nilisikia uchungu ambao hata leo sijausahau, maana nilikuwa nimempenda yule mtu.

Nilimuuliza. Nilimsimamia mbele ili asije akasema hakusikia. "Bwana, halwaridi hii ya nani?"

Alinitazama, akamtazama mama yake aliyekuwa anafagia uani, akasema, "Ya Ijumaa. Msikitini."

Sasa, mwanamume wa kwetu akienda msikitini Ijumaa huweka kipande cha pamba yenye mafuta mazuri kwenye mkunjo wa sikio, hapo juu, anukie. Hilo nalijua. Lakini pamba ile mwanamume hupewa na mkewe, na mimi nilikuwa nikimpa ya asumini. Na kwa nini amtazame mama yake kabla ya kujibu? Nikaona nimejibiwa kila kitu. Mama anajua. Mama ndiye kuwadi. Wamenipangia mke mwenza na mimi napika wali.

Kumbe mama mkwe wangu naye alikuwa na yake moyoni. Majirani wakanidokezea. Alikuwa akisema kwamba watu wa Tongoni ulimi wao una dawa, na mwanamke mwenye sauti kama yangu akikutia neno sikioni hulitoi. Alisema mwanawe amebadilika tangu nilipoingia: anakaa kimya, anacheka mwenyewe, anasikia miluzi. Alisema nimemsomea kwenye chakula. Akaacha kula nilichopika. Mimi nami nikaacha kunywa maji ya mtungi wake. Tukaishi hivyo, wanawake wawili na majiko mawili, na katikati yetu mwanamume ambaye kila mmoja wetu alikuwa na hakika mwenzake anamharibu.

Siku mama mkwe wangu alipotuma mtu Tongoni kumwita kaka yangu aje "tuzungumze," nilijua mazungumzo hayo ni ya kunirudisha. Nikatoa sanduku langu nikalifunga kamba. Sikutaka kufukuzwa nikiwa bado natafuta viatu.

Kabla kaka hajafika, sikio la mume wangu likauma. La kulia. Lilianza kama mwasho, akawa analichokonoa kwa kijiti cha kiberiti. Mama yake akamkaangia vitunguu saumu kwenye mafuta ya nazi akammiminia vuguvugu. Likavimba. Akammiminia tena. Usaha ukaanza kutoka, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya uozo uliochanganyika na waridi. Hakuweza kutafuna. Shingo ilikakamaa, homa ikapanda, na mwanamume aliyesimama kwenye korona miaka yote bila kulalamika akawa analia machozi.

"Umemtia nini mwanangu?" mama mkwe wangu aliniuliza.

"Wewe ndiye uliyemmiminia mafuta," nikamjibu, "mimi nimtie nini?"

"Miye mama'ke. Weye nakujua?"

Tulimpandisha kwenye lori la nazi linaloteremka Pangani mjini. Wote wawili tulikwenda, kwa sababu hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake peke yake na mgonjwa. Mume wangu alikaa katikati kitambaa kimemfunga kichwa, nasi tukaangalia kila mmoja upande wake mpaka hospitali.

Tabibu tuliyemkuta alikuwa Msambaa wa milimani, kijana aliyenyoa vizuri, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na sura ya kutoamini mtu. Nilimpenda kwa hilo. Alimwamkia mama mkwe wangu shikamoo, akamkalisha mgonjwa karibu na dirisha, akajivalisha kioo cha duara kipajini, akatia faneli ndogo sikioni, akachungulia. Akachungulia tena. Akainua macho akatutazama sote watatu kama tumemwibia.

"Humu ndani mmeweka nini?"

Nikasema, "Muulize mama." Mama akasema, "Muulize huyu." Mume wangu hakusema kitu, labda hakusikia.

Tabibu akachukua koleo jembamba. Akamwambia mgonjwa asitikisike, akavuta. Kikatoka kidonge cha pamba, cheusi, kimelowa. Akakiweka kwenye sahani. Akaingia tena. Kikatoka kingine. Na kingine. Mume wangu ameshika kiti kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na pale kwenye sahani ya hospitali harufu ya halwaridi ikapanda chumba kizima, imeoza lakini ni ileile. Ningeitambua popote.

Nikasahau niko wapi. "Mwanamke huyu ni nani?" nikapiga kelele. "Anayekupa pamba hii ni nani?"

Tabibu amesimama na koleo lake. Kisha mama mkwe wangu, kwa ile sauti yake nzito, akasema, "Ni miye."

Alilisema lote akiwa ameangalia sakafu. Mwanawe alipoanza kazi ya korona aliogopa. Shamba lile lilikuwa na watu wa kila pembe, wenye dini zao na dawa zao, na mwanawe ndiye pekee aliyebaki naye. Akaenda kwa mwalimu mmoja akasomewa mafuta ya halwaridi. Kila Alhamisi alijifungia akachovya pamba, na mwanawe akaitia kwenye tundu la sikio la kulia, ndani, si kwenye mkunjo. La kulia kwa sababu ndilo lililoadhiniwa siku alipozaliwa. Neno la kwanza la Mungu liliingia kwa mlango ule, akasema, na mama huulinda mlango ule usiingie neno la mtu. Zamani mwanawe alikuwa akiitoa jioni na kuibadilisha. Nilipoolewa mimi akamwambia asiitoe hata nyumbani. Nyumbani hasa.

"Na ilifanya kazi," akamalizia, akanitazama sasa. "Miye yuanisikia. Weye hakusikii."

Alikuwa na ushahidi wake kama mimi nilivyokuwa na wangu, tena ushahidi uleule.

Tabibu akatia pamba zile kwenye ndoo ya uchafu. "Ninyi watu wa pwani," akasema, "nani aliwaambia sikio ni kibweta cha kuwekea vitu?" Akamsafisha, akamtia dawa, akamchoma sindano ya pensilini. Akatuamuru, na aliamuru kweli: asitiwe mafuta, asitiwe vitunguu, asitie kijiti, ufunguo, wala unyoya wa kuku. Uchafu wa sikio unatoka wenyewe polepole mpaka nje, na nje ndipo unapofutwa kwa kitambaa na kidole. Anayeuchokonoa anaushindilia tu ndani. Akioga, azibe kwa pamba yenye mafuta mazito pale mlangoni mwa sikio, kisha aitoe. "Aitoe," akarudia, akimtazama mama. "Na arudi nimpime, uvimbe ukipungua."

Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nawaka. Mke mwenza ningemwelewa, walau anataka anachokitaka. Lakini mtu mzima kumziba mwanawe sikio ili asinisikie mimi! Na yeye, mwanamume mwenye akili zake, anakubali! Kaka yangu alipofika nikamwambia asubiri. Nilitaka kuona jambo moja tu. Pamba imetoka. Kama pamba imetoka na bado hanisikii, basi hakunitaka tangu mwanzo, na sanduku lilikuwa limeshafungwa.

Siku zile za kungoja nilimwita kutoka nyuma asubuhi na jioni. Hakugeuka. Sikio la kulia lilikuwa bado limevimba na limejaa dawa, lakini nani angeniambia nilitie hilo maanani? Nilihesabu kila kisogo. Mama yake akimwita aligeuka. Kaka yangu, mwenye sauti ya kawaida ya mwanamume, akimwita aligeuka. Nikamwambia kaka, "Umeona mwenyewe." Kaka akatikisa kichwa akasema ameona.

Tukarudi Pangani, safari hii wanne. Sanduku langu nilipanda nalo kwenye lori, maana kutoka mjini ningepata gari la Tanga la kunishusha kwetu moja kwa moja.

Tabibu alichungulia akaridhika. Sikio lilikuwa kavu. Kisha akafunga dirisha, akamwambia mume wangu afumbe macho, akatoa saa yake ya mkononi. Akaisogeza sikio la kulia kutoka mbali. "Ukiisikia inua mkono." Mkono ukainuka, saa ikiwa bado mbali. Akaenda kushoto. Akaisogeza, akaisogeza, mpaka saa ikagusa nywele za mume wangu. Mkono haukuinuka. Akaibandika kwenye sikio lenyewe. Hakuna.

Akachukua chuma chenye meno mawili, akakipiga gotini, kikaanza kuvuma kwa sauti nzito. Akakipeleka kushoto. Mkono ukainuka mara moja.

"Kazi yako ni korona," tabibu akasema, wala hakuuliza. "Na mashine iko mkono huu."

Ukutani alikuwa na picha ya sikio lililopasuliwa, kubwa kama trei. Akatuonyesha, na ninakiri nilisogea karibu nikasahau hasira. Ukipita tundu unakuta kiwambo, kama cha ngoma. Nyuma yake vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana mtikisiko. Mwisho kuna kitu kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji, na ndani yake vinyweleo ambavyo macho hayavioni. Sauti nyembamba zinapokewa mlangoni mwa konokono yule, sauti nzito zinapokewa ndani kabisa. Kelele kubwa ya kila siku inaviumiza kwanza vile vya mlangoni, kama majani yaliyo mbele ya nyumba, yanayokanyagwa na kila anayeingia. Vinyweleo vile vikilala moja kwa moja, haviamki. Hakuna dawa, si ya mwalimu wala ya hospitali. Na wakati mwingine sikio lililoumia hivyo linajipigia mluzi lenyewe.

Nikaanza kuhesabu. Nyenje. Kifaranga. Mluzi. Mimi.

"Mama unasikika kwa lile bovu," tabibu akamwambia mama mkwe wangu. "Sauti yako ni nzito, linaiweza. Mkewe haliwezi, isipokuwa akimsoma midomo uso kwa uso. Yeye alihitaji lile zuri, na lile zuri mlikuwa mmeliziba."

"Na kwa nini la kulia limekuwa zuri?" mama mkwe wangu akauliza. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mwanamke alikuwa na akili kunizidi.

Tabibu akakuna kidevu. Hakupenda jibu lake, nilimwona. "Lilikuwa mbali kidogo na mashine," akasema. "Na lilikuwa limezibwa. Miaka yote hiyo pamba ilipunguza kelele. Angeziba yote mawili, akatoa kila jioni, nisingekuwa na la kusema."

"Nilisema!" mama mkwe wangu akapiga makofi. "Si nilisema? Niliulinda mlango!"

Ningemnyonga. Lakini ilikuwa kweli, na kweli ile ilinikaa vibaya. Sikio moja lililobaki la kunisikia mimi, lilibaki kwa sababu mama huyu alitaka nisisikike. Niliitafuta njia ya kuikataa hesabu hiyo, pale na miaka iliyofuata, sijaipata.

Mume wangu alikuwa bado amefumba macho. Hakuna aliyemwambia afumbue. Nikasimama upande wake wa kulia, nyuma kidogo, pale nilipokuwa nikisimama nyumbani kila siku. Kaka yangu ananitazama. Nikasema kwa sauti yangu, sikuipandisha, "Bwana, unanisikia?"

Akageuka haraka mpaka kiti kikalia.

"Kumbe unasema," akaniambia.

"Nimesema mwaka mzima!"

"Nilikuona midomo inacheza," akasema. "Nikigeuka nakuta midomo inacheza. Nilidhani unanong'ona. Nilidhani unanisema na huyu mama, mmepatana dhidi yangu." Akainyooshea kidole midomo yangu. "Nikaona kheri nisigeuke."

Nililia pale hospitalini mbele ya yule Msambaa, na kaka yangu akatoka nje kutazama kama sanduku halijaibwa. Sikulia kwa furaha tu. Nilililia pia lile sikio la kushoto ambalo halitanisikia tena maisha, na ule mwaka ambao tulikaa watatu nyumba moja, kila mtu amewatega wenzake.

Tabibu alimwambia waziwazi: ukirudi pale, hata hili litakwenda. Kuacha korona haikuwa jambo dogo. Mnyapara alimpa kazi ya kuanika singa kwenye nyaya, kazi waliyopewa wazee na wanawake, na vijana wa barazani wakampa maneno. Alipotaka kuwapuuza aliwapa sikio la kushoto, ingawa sauti zao nzito lilizisikia. Mimi nilimchunguza kila jioni. Nilimkalisha uani, nikamgeuza kichwa kwenye mwanga, nikachungulia tundu la kulia kama nina kioo kipajini. Pamba sikuikuta. Lakini nilichungulia.

Mtoto alizaliwa siku ya joto kali, mchana, nyumbani kwetu palepale Mwera. Wa kiume. Alilia kwa sauti nyembamba sana, na baba yake aliyekuwa nje ya mlango akaingia kabla hajaitwa. Nikajua amesikia.

Akampokea, akamwelekeza kibla, akamwadhinia sikio la kulia. Kwa kuwa hakuweza kuijua vizuri sauti yake ilivyo kubwa, aliadhini kama yuko juu ya mnara, na mtoto akakunja uso. "Taratibu," nikamwambia kutoka kitandani, "utalivunja na hilo." Alinisikia. Akashusha sauti. Akamsomea ikama sikio la kushoto kwa kunong'ona.

Ndipo mama mkwe wangu akasogea. Alikuwa amevaa kanga mpya, uso umemwangaza, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefumbwa. Pua yangu ilijua kabla ya macho. Halwaridi. Akafumbua kiganja, na mle mlikuwa na kipande cha pamba kidogo, safi, kimekatwa kwa kipimo cha sikio la mtoto mchanga. Alikuwa anapeleka vidole kwenye sikio la kulia, lile lililoadhiniwa sasa hivi.

Sikuwa na nguvu ya kuinuka. Nilisema tu, "Bwana."

Mume wangu akamtazama mama yake. Hakumgombeza. Alimshika mkono taratibu, akaichukua ile pamba kwenye vidole vyake, akaitazama kidogo. Kisha akaitia kwenye sikio lake mwenyewe, la kushoto.

"Nilindie hili, mama," akasema.

Mama mkwe wangu alibaki na mkono hewani. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda changu, mahali ambapo hakuwa amewahi kukaa, akajifuta macho kwa kanga yake mpya. Mtoto akalia tena, na sote watatu tukageuka.